Mtoto Amezinduka, Moyo Wake Je?

Mhadhara uliotolewa mjini Njombe mbele ya watumishi wa afya, walimu, viongozi wa dini na wazazi

  Nawaona akina mama waliokuja na watoto mgongoni. Watoto wakilia msihangaike kutoka nje, maana mhadhara huu ni wao.

Nimekuja kuzungumzia moyo wa mtoto aliyevuta sumu ya kaboni monoksaidi, akafikishwa hospitali, akatibiwa, akazinduka. Mtoto wa namna hiyo akifumbua macho na kumwita mama yake, wodi nzima hupata nafuu. Ndugu huanza kukunja mablanketi, na baba huuliza ruhusa itatoka saa ngapi. Ninalodai leo ni kwamba saa ileile ndipo tunapotakiwa kuuangalia moyo wake kwa makini, na kwamba katika vituo vyetu vingi hatuuangalii kabisa. Nitatoa hoja tano. Walio wataalamu wanivumilie pale nitakapoeleza mambo wanayoyajua, kwa kuwa wazazi na walimu waliomo humu ndio wanaotuletea watoto hawa.

Kwanza tuielewe sumu yenyewe. Kaboni monoksaidi ni hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hutokea kila mahali ambapo mkaa, kuni, mafuta ya taa, gesi au petroli ya jenereta inaungua bila kupata hewa ya kutosha. Kwetu huku nyanda za juu chanzo tunachokijua zaidi ni jiko la mkaa. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, jiko huingizwa chumbani, madirisha hufungwa na tambara husokomezwa chini ya mlango. Mzazi mwangalifu huliacha jiko nje kwanza mpaka moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, ndipo aliingize. Anaamini amewakinga watoto wake. Moshi umekwisha kweli, lakini kaboni monoksaidi haijaisha, na mkaa ule uliofunikwa majivu ili udumu hadi alfajiri utaendelea kuitoa usiku kucha. Akina mama, nalisema hili bila kumlaumu yeyote. Macho hayawezi kuwaonyesha kitu kisichoonekana.

Hoja ya kwanza: moyo hauna akiba ya kutegemea.

Damu hubeba oksijeni kwa kutumia hemoglobini, ile protini nyekundu iliyomo ndani ya chembe za damu. Mwaka 1857, Claude Bernard huko Ufaransa alieleza kwamba kaboni monoksaidi inaua kwa kuikamata hemoglobini na kuizuia isibebe oksijeni. Leo tunajua hemoglobini huishika kaboni monoksaidi kwa nguvu ipatayo mara 200 hadi 250 ya ile inayoishikia oksijeni. Kwa hiyo hata kiasi kidogo cha sumu hewani, kikivutwa kwa saa nyingi, huweza kuteka sehemu kubwa ya damu. Tena kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui: ile hemoglobini ambayo bado ina oksijeni huanza kuing'ang'ania, haiiachii kirahisi inapofika kwenye misuli na ubongo. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu na mtoto mwenye sumu hii wanaweza kuwa na kiasi sawa cha oksijeni katika damu, na bado huyu wa pili akawa na hali mbaya zaidi.

Sasa uangalieni moyo. Mwili kwa jumla, ukiwa umepumzika, hutumia kama robo tu ya oksijeni inayoletwa na damu. Robo tatu zinarudi bila kutumiwa, na hiyo ndiyo akiba. Msuli wa moyo hauko hivyo. Hata mtu akiwa amelala usingizi, moyo huchukua takriban asilimia 70 ya oksijeni iliyomo katika damu ya mishipa yake wenyewe. Ukihitaji zaidi, njia kuu uliyobaki nayo ni kuongeza mtiririko wa damu. Sumu inapopunguza oksijeni katika kila tone, moyo hulazimika kupiga haraka ili viungo vingine vipate, na kupiga haraka kunauongezea mahitaji yake wenyewe. Unadaiwa zaidi saa ileile unapopewa pungufu.

Na sumu haiishii kwenye damu. Inaingia ndani ya msuli wa moyo, inaikamata myoglobini, protini inayoupelekea msuli oksijeni, na inakwamisha mitambo midogo ya ndani ya seli inayozalisha nguvu. Zaidi ya hapo mwili ulioshtuka humwaga adrenalini nyingi, na oksijeni inaporudi kwa ghafla huzuka kemikali kali zinazochoma seli zilizokwisha kuchoka. Ndiyo sababu moyo unaweza kuendelea kuumia baada ya sumu kuanza kutoka kwenye damu. Naomba wauguzi walishike hili, kwa sababu hoja zote zinazofuata zimesimama juu yake.

Hoja ya pili: mtoto hupata sumu mapema kuliko mkubwa aliyelala naye chumba kimoja.

John Scott Haldane, mwanasayansi wa Scotland, aliivuta hewa hii mwenyewe mnamo miaka ya 1890 na kuandika kila alichokihisi. Alichunguza pia vifo vya wachimbaji baada ya milipuko katika migodi ya makaa ya mawe, akaonyesha kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko bali na kaboni monoksaidi iliyobaki baada yake. Yeye ndiye aliyewashauri wachimbaji washuke migodini na panya au ndege wadogo. Mnyama mdogo hupumua haraka na mwili wake hutumia oksijeni haraka, kwa hiyo huzidiwa kabla ya binadamu, na mchimbaji hupata nafasi ya kukimbia. Uingereza iliendelea kutumia ndege hao hadi mwaka 1986. Mtoto mchanga, ukilinganisha uzito wake, huvuta hewa nyingi kuliko mama yake. Katika chumba chenye jiko, yeye ndiye wa kwanza kuzidiwa, na hawezi kusema kichwa kinamuuma. Atakataa kunyonya, atatapika, atalala usingizi usio wa kawaida, na pengine atapata degedege.

Moyo wa mtoto mchanga nao una udhaifu wake. Mtu mzima anaweza kuongeza kiasi cha damu kinachosukumwa katika kila pigo, lakini mtoto mchanga hutegemea zaidi kuongeza idadi ya mapigo. Akizidiwa, mapigo yake huanza kushuka, na hapo muda uliobaki ni mfupi.

Wakunga, hapa nazungumza nanyi. Katika vijiji vyetu mzazi aliyetoka kujifungua huwekewa jiko chumbani ili yeye na mtoto wapate joto. Hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo bado inamjaa mtoto mchanga, huishika sumu hii kwa nguvu zaidi. Mama mjamzito akivuta sumu, kiwango cha sumu katika damu ya mtoto aliye tumboni huweza kuzidi cha mama, na huchukua muda mrefu zaidi kutoka. Mama anaweza kuamka mzima wakati mtoto bado hajakombolewa. Kwa hiyo mjamzito apewe oksijeni kwa muda mrefu kuliko hali yake mwenyewe inavyoonyesha kwamba anahitaji. Na mtoto anayehitaji joto alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kama tunavyofundisha kwa watoto njiti. Kifua cha mama hakina sumu.

Hoja ya tatu: kifaa cha kidoleni hakiioni sumu hii.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopoteza watoto tulio nao mikononi. Mtoto wa miaka sita analetwa saa kumi na mbili asubuhi. Ametapika, analalamika kichwa, miguu imelegea. Muuguzi anafanya kazi yake vizuri: anambana kidoleni kifaa cha kupimia oksijeni, na kioo kidogo kinaonyesha 98. Anaandika kwenye faili kwamba oksijeni ni nzuri. Kipimo cha malaria kinatoka hasi, lakini dawa ya malaria inatolewa hata hivyo, na mtoto anarudishwa nyumbani, kwenye chumba kilekile na jiko lilelile.

Kifaa kile hutumia aina mbili za mwanga, na mbele ya mwanga huo damu yenye kaboni monoksaidi huonekana karibu sawa na damu yenye oksijeni. Kinazihesabu zote pamoja. Mtoto ambaye theluthi ya hemoglobini yake imetekwa na sumu anaweza kusomeka 98 bila kifaa kuwa kibovu. Hata kipimo cha gesi za damu kinachopima oksijeni iliyoyeyuka tu kinaweza kutoa jibu zuri. Kinachohitajika ni mashine inayozitenganisha aina za hemoglobini, iwe ya maabara au ile ya kidoleni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo maalumu. Ngozi kuwa nyekundu kama vitabu vya zamani vinavyosema msiingojee. Ni dalili ya nadra, na mara nyingi huonekana kwa waliokwisha kufa.

Penye mashine ile, tuitumie. Pasipo na mashine, tuulize maswali matatu, nayo hayagharimu hata shilingi: Je, wengine nyumbani wanaumwa hivihivi? Je, mlilala na jiko, au jenereta lilikuwa karibu? Je, mgonjwa alipotolewa nje alipata nafuu? Familia nzima ikiamka na kichwa na kichefuchefu asubuhi moja ya baridi, tuidhanie sumu ya hewa kabla ya kusema ni chakula. Wachungaji na mashehe, mara nyingi ninyi ndio mnaoitwa kwanza nyumba nzima inapokutwa imezimia, na majirani wameshaanza kunong'ona habari za uchawi. Fungueni milango, toeni watu nje, kisha ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Baada ya sumu kutambuliwa, moyo upimwe. Kwanza, kila mtoto apimwe umeme wa moyo, yaani ECG. Mashine yake ni ndogo na kipimo huchukua dakika chache. Tunatafuta mapigo yasiyo na mpangilio na mistari inayoonyesha kwamba msuli umekosa oksijeni. Pili, troponini. Hii ni protini inayokaa ndani ya msuli wa moyo. Ikipanda katika damu maana yake seli za moyo zimeumia. Tatu, kwa mtoto aliyezimia, aliyepata degedege, au ambaye ECG au troponini yake si ya kawaida, kipimo cha ECHO. ECHO hutuonyesha moyo ukipiga. Katika kila pigo, chumba cha kushoto cha moyo wa mtoto mzima husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Kikisukuma pungufu ya hapo, tunamwona mtoto anayecheka kitandani huku moyo wake unafanya kazi kwa shida.

Kiwango cha sumu katika damu peke yake kisitudanganye. Mtoto aliyesafirishwa kwa saa tatu akiwa na oksijeni anaweza kufika na kiwango kidogo, na moyo ulioumia sana. Kiwango kinatuambia sumu iliyobaki saa hiyo, hakituambii alikaa nayo kwa muda gani.

Hoja ya nne: oksijeni itolewe mapema, kwa wingi, na isikatwe haraka.

Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu iliyomo katika damu huchukua takriban saa nne hadi tano kutoka. Akipewa oksijeni tupu kwa barakoa, muda huo hushuka hadi kati ya dakika 60 na 90. Akiwekwa katika chumba maalumu chenye shinikizo kubwa la hewa, huwa kama dakika 20 hadi 30. Hesabu ni nyepesi. Mtoto ambaye asilimia 40 ya hemoglobini yake imetekwa na sumu, akiachwa na hewa ya kawaida, anahitaji kama saa tisa kufika asilimia 10. Kwa barakoa ni saa mbili au tatu. Moyo unalipia kila saa ya tofauti hiyo.

Lakini oksijeni tupu maana yake ni barakoa yenye mfuko, iliyokaa sawasawa usoni, na mtungi unaotoa lita 10 hadi 15 kwa dakika. Mirija ya puani iliyounganishwa na mashine ndogo ya wodini humpa mtoto hewa iliyochanganyika, na sumu inatoka polepole. Kama hakuna kingine, mirija hiyo itumike bila kusita. Kama mtungi upo stoo, utolewe. Wakati wa janga la UVIKO-19 hospitali nyingi nchini zilipata mitambo ya kuzalisha oksijeni. Tunayo mali hiyo, na watoto hawa wana haki nayo.

Kuhusu vyumba vya shinikizo nitasema kwa kifupi. Mwaka 2002 timu ya Lindell Weaver huko Salt Lake City, Marekani, ilionyesha kwamba wagonjwa waliotibiwa humo walibaki na matatizo machache ya kumbukumbu na fikra kuliko wenzao. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1999 haukuona faida hiyo. Wataalamu bado wanabishana, na hakuna sababu ya mtoto wa kwetu Makete kucheleweshwa barakoa kwa kungojea chumba ambacho hakipo karibu.

Hoja ya tano: mtoto aliyeruhusiwa bado ni mgonjwa wetu.

Nina habari njema hapa, na naisema kwa furaha. Uturuki, ambako majiko ya kupashia nyumba joto husababisha sumu hii kila majira ya baridi, madaktari wa watoto wamechapisha tafiti nyingi kuhusu mioyo ya watoto waliotibiwa. Wapo watoto ambao troponini yao ilipanda, na wachache ambao chumba cha kushoto cha moyo kilipoteza nguvu, wengine wakiwa hawana dalili yoyote kifuani. Kwa wengi wa hao, nguvu ilirudi ndani ya siku au wiki chache. Moyo wa mtoto una uwezo mkubwa wa kujirudi, kwa kuwa mishipa yake haijazibwa na mafuta wala kuchakazwa na sigara.

Lakini yapo matokeo mengine ya kutuamsha. Mwaka 2005 madaktari wa Minneapolis, Marekani, walichapisha taarifa ya wagonjwa 230 waliotibiwa kwa sumu ya kiwango cha kati na kikali, na asilimia 37 walikutwa wameumia msuli wa moyo. Mwaka uliofuata walieleza yaliyowapata walewale baada ya miaka saba hivi. Kati ya walioumia moyo, asilimia 38 walikuwa wamefariki. Kati ya wasioumia, asilimia 15. Wale walikuwa watu wazima, na namba zao tusiwabandike watoto wetu. Hata hivyo zinatufundisha kwamba jeraha la moyo katika siku ya kwanza ni jambo la kuandikwa kwenye faili na kufuatiliwa. Kwa mtoto ambaye ana miaka 60 au zaidi mbele yake, sababu ya kufuatilia ni kubwa zaidi.

Walimu, nawahitaji katika hili. Mtoto aliyepata sumu Ijumaa huonekana shuleni Jumatatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yumo kwenye mchakamchaka, mchana yumo uwanjani. Kama moyo wake uliumia, apumzishwe mazoezi mazito mpaka ECHO ioneshe kwamba umerudi sawa. Mzazi aje na karatasi ya daktari, na mwalimu aiheshimu. Pia mkiona mtoto huyo ndani ya wiki chache anasahau masomo aliyoyajua, anayumba akitembea, au tabia imebadilika, msimchape. Ubongo nao huweza kuonyesha madhara baadaye, baada ya siku kadhaa au wiki. Mrudisheni hospitali.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nageukia yaliyo mbele yetu. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini huku kwetu jiko halipiki tu, linapasha joto pia. Familia ikipata gesi ya kupikia bado itawasha mkaa usiku wa baridi, mpaka tutakapozungumzia pia nyumba zenye dari, blanketi za kutosha, na dirisha lenye upenyo wa juu usiozibwa. Naomba maafisa wa afya wa kata waliingize suala la joto katika mazungumzo yao ya nishati.

Kwa hospitali na vituo vyetu naomba mambo manne. Kila mtoto mwenye historia ya jiko apimwe ECG kabla ya kuruhusiwa. Kila wodi ya watoto iwe na barakoa zenye mifuko, za saizi ya watoto, zilizowekwa mahali zinapoonekana. Hospitali ya mkoa ipate mashine inayotofautisha aina za hemoglobini. Na kila mtoto aliyekutwa na jeraha la moyo apewe tarehe ya kurudi kwa ECHO, iandikwe kwenye kadi yake, na mtu mmoja mwenye jina apewe jukumu la kumpigia simu mzazi asipotokea.

Juni haiko mbali. Mambo haya manne yaanze kabla ya baridi kuingia, na waganga wafawidhi mliomo humu naomba mniambie leo, kabla hatujatawanyika, ni lipi kati ya hayo mnaweza kuanza nalo wiki ijayo.